Meneja wa besiboli anavaa jezi ya nini? Jibu liko kwa Harry Wright

Kila ifikapo Oktoba, fainali za besiboli za Marekani zikianza, vipande vya video husambaa hadi kwenye simu zetu na swali huwa lilelile: huyo mzee aliyekaa benchi, jezi yenye namba, suruali ya mchezo na kofia, ni mchezaji? Jibu linalofuata huzidisha utata. Anaitwa meneja. Kwetu meneja wa timu ni yule anayehangaika na basi, hoteli na vibali, na anayepanga kikosi ni kocha. Kule Marekani, meneja ndiye anayepanga kikosi, na makocha wapo kadhaa pembeni yake, wote chini yake.

Maswali haya yameongezeka tangu timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilipofika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 kwenye mashindano ya dunia ya vijana wadogo, na zaidi tangu Los Angeles Dodgers walipowasajili vijana wawili wa Uganda mwaka 2022. Njia fupi ya kuyajibu ni kumfuata mtu mmoja, Harry Wright, maana cheo hicho kilikua mikononi mwake. Alianza kama mchezaji, akawa nahodha, na alipoacha kucheza wakamwachia kila kitu.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa kifupi. Timu mbili, wachezaji tisa kila upande. Mrushaji wa timu inayolinda anarusha mpira, mpigaji wa timu nyingine anausubiri na gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vitatu vinavyoitwa besi mpaka arudi alipoanzia, na akirudi salama timu yake inapata mkimbio mmoja. Wapigaji watatu wakitolewa, pande zinabadilishana. Kila timu ikishapiga zamu tisa, mwenye mikimbio mingi ameshinda. Hayo yanatosha kwa makala hii.

Jambo la pili ni mchezaji wa kulipwa. Wengi tunalisikia hili kama sifa ya ufundi, kwamba wa kulipwa ni bora na wa ridhaa ni mwanafunzi. Katika historia ya besiboli tofauti ilikuwa ya fedha na mkataba tu. Klabu za mwanzo za New York, kama Knickerbocker, zilikuwa za watu wenye kazi zao mjini waliocheza kujiburudisha na kisha wakala pamoja. Chama chao cha klabu kilikataza kabisa kumlipa mchezaji. Lakini ushindi ulipoanza kuwa na heshima, na kiingilio kikaanza kutozwa, fedha zikapita mlango wa nyuma. Mpenzi wa ndondo anaijua picha hii: timu ya mtaa inamchezesha kijana aliyetoka mbali, kila mtu anajua ni mamluki, nauli na bahasha ameshapewa, ila kwenye karatasi ni mkazi wa mtaa. Marekani ya miaka ya 1860 ilikuwa hivyohivyo. Mchezaji aliandikwa karani wa ofisi fulani, na ofisini hakuna aliyewahi kumwona. Mwaka 1867 klabu ya Nationals ya Washington ilimwandika nyota wake kuwa karani, na anwani iliyotolewa ya ofisi yake ilikuwa ya bustani ya umma. Nyota huyo aliitwa George Wright, mdogo wake Harry.

Kwa hiyo ile sentensi inayorudiwa sana, kwamba Cincinnati Red Stockings wa 1869, timu ya Harry, ndio wa kwanza kulipa wachezaji, si sahihi. Malipo yalikuwepo kabla yao. Chama kililegeza kanuni mwishoni mwa 1868, kikaruhusu klabu kulipa waziwazi, na Cincinnati wakaenda hadi mwisho wa njia: kikosi kizima kwa mshahara, kwa msimu mzima, bila kuficha. Hicho ndicho walichokianzisha.

Mtu wa kriketi

Kwa nini ilikuwa Cincinnati, na kwa nini chini ya Harry Wright? Nadhani sababu kubwa ni malezi. Harry alizaliwa Sheffield, Uingereza, tarehe 10 Januari 1835, akavushwa bahari akiwa mtoto mchanga. Baba yake, Samuel, aliajiriwa na klabu ya kriketi ya St. George's ya New York kama mchezaji, mwalimu na mtunza uwanja. Katika kriketi ya Waingereza jambo hilo lilikuwa la kawaida: kuna waungwana wanaocheza kwa raha zao, na kuna wa kulipwa wanaofundisha na kutunza nyasi, na hakuna anayejificha. Kijana aliyekulia nyumba ambayo unga wake unanunuliwa kwa mshahara wa uwanjani hawezi kuona aibu mchezaji kulipwa.

Harry akawa mchezaji wa kriketi wa kulipwa kama baba, na mwaka 1858 akajiunga na Knickerbocker kucheza besiboli. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe alihamia Cincinnati, Ohio, kuifundisha klabu ya kriketi ya Union kwa dola 1,200 kwa mwaka. Pale akakuta besiboli inapendwa kuliko kriketi. Mwishoni mwa 1867 klabu ya besiboli ya mji huo ikamchukua kwa mshahara uleule.

Viwango vya mishahara ya 1869 vinavyonukuliwa mara nyingi vinaonyesha mpangilio wa kazi. George, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu na mpigaji hatari, dola 1,400. Harry mwenyewe 1,200. Mrushaji Asa Brainard 1,100. Fred Waterman 1,000. Wengi waliobaki 800, na mchezaji wa akiba 600. Bili nzima haikufika dola 10,000. Tazama hapo: nahodha aliyepanga kila kitu alilipwa pungufu ya mdogo wake, kwa sababu watu walilipa kiingilio kumwona George. Na katika kikosi kile cha kwanza, mzaliwa wa Cincinnati alikuwa mmoja tu, Charlie Gould. Wanaolalamika leo kwamba klabu za mjini zimejaa wageni wajue lalamiko hilo lina umri sawa na mchezo wa kulipwa wenyewe.

Harry aliwavalisha suruali fupi za magotini na soksi ndefu nyekundu wakati timu nyingi zilivaa suruali ndefu. Aliwafanyisha mazoezi kama kazi. Aliwafundisha kufuniana: mpira ukienda kwa mmoja, mwingine anakimbia nyuma yake kuziba makosa, na mpira ukiwa juu kati ya watu wawili, mmoja anatajwa jina kwa sauti ili wasigongane. Brainard alipochoka, Harry aliingia kutoka katikati ya uwanja kurusha mwenyewe. Brainard alirusha kwa kasi, Harry alirusha taratibu mno, na mpigaji aliyekwisha kuzoea kasi alijikuta anapiga hewa. Leo kubadilisha warushaji ndiyo kazi inayomletea meneja wa besiboli matusi mengi kuliko nyingine yoyote, na Harry aliifanya kwa kujiita yeye mwenyewe.

Msimu wa 1869 hawakufungwa. Hesabu rasmi dhidi ya klabu za chama ni ushindi 57. Ukikuta idadi kubwa zaidi, mwandishi amejumlisha na michezo ya kirafiki. Reli ya kuvuka bara ilikamilika Mei 1869, na Septemba Harry alikuwa tayari amewapakia watu wake kwenye treni hadi San Francisco. Doa pekee lilikuwa tarehe 26 Agosti, dhidi ya Haymakers wa Troy: matokeo 17 kwa 17, Troy wakabishana na mwamuzi juu ya mpira uliodakwa, kisha wakaondoka uwanjani. Ilivuma kwamba matajiri wa Troy walikuwa wameweka dau kubwa, na sare ingewaokoa fedha zao. Mwamuzi aliwapa Cincinnati ushindi, lakini vitabu vingine vinaandika sare, na ndiyo maana hata hesabu ya 57 hupishana kwa mmoja.

Mfululizo uliisha Brooklyn, tarehe 14 Juni 1870, mbele ya Atlantics. Baada ya zamu tisa ilikuwa 5 kwa 5. Wenyeji walianza kushangilia sare, kwao ilikuwa sawa na ushindi. Cincinnati wakakataa: kanuni zinasema mchezo uendelee. Wakaulizwa wataalamu wa kanuni, wakathibitisha, wachezaji wakarudi uwanjani. Katika zamu ya kumi na moja Cincinnati wakapata mikimbio miwili. Atlantics wakaja kupiga. Bob Ferguson, ambaye kawaida hupiga kwa mkono wa kulia, akageuka akasimama upande wa kushoto, kwa sababu moja tu: hakutaka mpira uende alipo George Wright. Mpira ukapita upande mwingine, matokeo yakasawazishwa, kisha kosa la walinzi wa Cincinnati likampa mpinzani mkimbio wa ushindi. 8 kwa 7. Uamuzi wa kukataa sare ndio uliowafungisha, na sijaona mahali Harry alipoujutia.

Mishahara ilipoishinda klabu

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wanaoijua ligi ya sasa huona timu ya Cincinnati Reds, wanadhani ndiyo ileile ya 1869. Siyo. Mwishoni mwa 1870 viongozi wa klabu walipiga hesabu, wakaona mishahara imekuwa mizito, wakatangaza kwamba mwaka unaofuata hawaajiri mchezaji. Kikosi kikasambaratika. Harry aliitwa Boston, akaondoka na George, Gould na Cal McVey, akaondoka pia na jina na soksi nyekundu. Reds wa leo ni klabu nyingine iliyoanzishwa baadaye katika mji uleule. Klabu ya Harry ya Boston ndiyo iliyoendelea kuishi: ikaja kuitwa Braves, ikahamia Milwaukee mwaka 1953, kisha Atlanta mwaka 1966, na bado ipo. Wala Boston Red Sox si wao. Hao walilichukua jina linalofanana baada ya klabu kongwe kuacha soksi nyekundu.

Mwaka 1871 ikaundwa ligi ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa, National Association. Ada ya kuingia ilikuwa dola 10. Kwa bei hiyo kila mwenye mpira na wachezaji tisa aliingia, na timu zilivunjika katikati ya msimu au zilikataa safari za mbali. Katika ligi hiyo dhaifu Boston ya Harry ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, 1872 hadi 1875, na mwaka wa mwisho ilishinda michezo 71 na kufungwa 8.

Na hapa ndipo cheo cha meneja kilipopata sura yake. Chukua orodha ya watu wa klabu ya soka ya leo: kocha mkuu, katibu, mhasibu, mratibu wa safari, mkurugenzi wa usajili, mtunza vifaa. Harry alikuwa wote hao, na mpaka 1874 alikuwa pia mchezaji wa kawaida wa kikosi. Ratiba wakati ule haikutoka makao makuu. Kila mchezo ulipatanwa kwa barua kati ya klabu na klabu: tarehe, uwanja, mwamuzi, mgawo wa mapato ya mlangoni. Harry aliandika barua hizo kwa mamia. Aling'ang'ania kiingilio cha senti 50 wakati wengine walitaka kushusha, kwa hoja kwamba mtu atalipia mchezo mzuri hiyo 50 lakini mbovu hataufuata hata kwa 25. Alimwandikia mwenzake Nick Young kwamba besiboli sasa ni biashara, na lazima apange michezo ilipe bila kujali hisia zake. Kwa mtoto wa mlipwa wa kriketi, hilo halikuwa jambo la kuombea radhi.

Mara moja hisia zilimshinda. Mwaka 1874 alizipeleka Boston na Athletics wa Philadelphia Uingereza, nchi aliyozaliwa, kuonyesha besiboli. Waingereza walitazama kwa adabu na hawakununua tiketi za kutosha, ziara ikala hasara. Kichekesho ni kwamba Wamarekani hao walicheza pia kriketi dhidi ya klabu za wenyeji, wakiruhusiwa watu wengi zaidi upande wao, wakarudi bila kufungwa.

Mwaka 1875 William Hulbert wa Chicago aliwasajili kwa siri nyota wanne wa Boston, akiwamo mrushaji Albert Spalding, na Februari 1876 akaanzisha National League, ambayo mpaka leo ni nusu ya ligi kuu ya Marekani. Harry aliyeporwa wachezaji alikuwa miongoni mwa waliokaa kuiunda. Bila wanne wale Boston ikashika nafasi ya nne. Akajenga upya, akachukua ubingwa 1877 na 1878.

Ubingwa wa 1877 una harufu. Louisville walikuwa wanaongoza, ghafla wakaanza kufungwa ovyo. Uchunguzi ulionyesha wachezaji wamenunuliwa na wacheza kamari, na wanne wakafungiwa maisha. Mmoja wao aliitwa George Hall, ambaye miaka saba kabla alikuwa katika kikosi cha Atlantics siku walipoizima Cincinnati. Harry, mtu aliyejulikana kwa kutovumilia kamari, alipata kombe kwa kusaidiwa na wapanga matokeo wa timu nyingine bila yeye kujua.

Mwaka 1879 mdogo wake akamwacha. George akaenda Providence kama nahodha na meneja, msimu mmoja tu, akachukua ubingwa, na Boston ikamaliza ya pili. Hakuwahi kuongoza timu tena. Ukitaka kujua kama umeneja ni kipaji au ni uvumilivu, ndugu hawa wawili watakuacha bila jibu.

Baada ya hapo Harry alizeeka na cheo chake kikaanza kupunguzwa. Alikaa Providence 1882 na 1883, kisha Philadelphia kuanzia 1884 hadi 1893. Timu zake zilikuwa nzuri bila kuwa bingwa. Mwaka 1890 alipoteza uwezo wa kuona kwa miezi kadhaa, wengine wakamshikia timu, akapata nafuu akarudi. Wenye klabu sasa walikuwa na ofisi zao na makarani wao; fedha na usajili vikarudi kwao. Mkataba ulipokwisha 1893 hawakumwongezea, na ligi ikampa kazi ya kuwasimamia waamuzi. Alifariki Atlantic City tarehe 3 Oktoba 1895, na Aprili iliyofuata klabu zikacheza michezo maalumu kuchangia mnara wa kaburi lake.

Sasa lile swali la jezi. Baada ya Harry, kwa miaka mingi meneja alikuwa mchezaji bado: Cap Anson aliiongoza Chicago huku akicheza besi ya kwanza, na Connie Mack aliiongoza Pittsburgh akiwa mdakaji. Aliyeongoza alivaa kama wenzake kwa sababu huenda angeingia kucheza. Wa mwisho kufanya hivyo katika ligi kuu alikuwa Pete Rose, Cincinnati, 1984 hadi 1986. Kucheza kukaisha, jezi ikabaki. Mack alipohamia Athletics ya Philadelphia alivaa suti na tai benchini kuanzia 1901 hadi 1950 na hakuna aliyemkataza. Alikuwa pia mmoja wa wenye timu. Ile nusu nyingine ya kazi ya Harry, ya fedha na usajili, leo ina mtu wake anayeitwa meneja mkuu, anakaa ofisini na kuvaa shati la kawaida. Mameneja wawili kwa klabu moja, na wote wawili wametoka kwa mtu yuleyule.

Limebaki jambo la takwimu, linalozua ubishi mitandaoni. Ukumbi wa mashujaa wa besiboli, ambao ulijengwa Cooperstown kwa sababu ya hadithi isiyo ya kweli kwamba Abner Doubleday aliubuni mchezo huo kijijini pale mwaka 1839, ulimwingiza George mwaka 1937 na Harry mwaka 1953. Ukitafuta idadi ya ushindi wa Harry kama meneja utakuta 1,225 mahali pamoja na 1,000 mahali pengine. Zote ni sahihi. Ya kwanza inajumlisha National Association, ya pili inaanza na National League, kwa sababu mwaka 1969 kamati ya kumbukumbu iliamua kwamba ligi ile ya ada ya dola 10 haikuwa imara kiasi cha kuitwa ligi kuu. Uamuzi wa namna hiyo unaweza kubadilishwa. Chama cha klabu cha enzi za Harry kiliamua Desemba 1867 kuzikataa klabu zenye wachezaji weusi, na mlango huo, kwa kanuni au kwa kimya, ulifungwa karibu kote mpaka Jackie Robinson alipoingia Brooklyn mwaka 1947. Wachezaji weusi walijiundia ligi zao, na kamati hiyo ya 1969 haikuzihesabu nazo. Desemba 2020 ligi kuu iligeuza uamuzi: ligi saba za weusi za kuanzia 1920 hadi 1948 sasa ni ligi kuu, na takwimu za wachezaji wake zinahesabiwa. National Association bado iko nje.